Asante ya Dardo

Kinywaji chenyewe kinaitwa mate.
Usicheke. Ni majani machungu ndani ya kibuyu kidogo,
maji ya moto kutoka chupa ya chai iliyobanwa kwapani,
na mrija mmoja wa chuma kwa midomo yote.
Kwa hiyo, ndiyo, mate yetu pia yamo.

Huku Tacuarembó, alfajiri, kabla mashine hazijanguruma,
wanaume sita tunakalia magunia ya sufu
na kibuyu kinazunguka.
Heber humimina. Unakunywa mpaka mrija ukorome, unarudisha.
Sheria ni moja tu: ukisema asante
maana yake umetosheka, usipewe tena.

Mashine ya Dardo ilikuwa ya mwisho, karibu na mlango.
Kondoo mia na arobaini kwa siku, na ngozi hata moja haikuchanika.
Kwa kila kondoo, kibati kimoja cha malipo.
Mwaka ule mkewe alipohamia Montevideo na binti
alikuwa akivihesabu vibati usiku,
anavimwaga, anavihesabu tena,
bati likigonga bati ndani ya kopo la tumbaku
hadi saa nane.
Líber akasema, "Zima taa, watu walale."
Ndicho pekee tulichomwambia.
Nakisema kama kilivyokuwa.

Jumanne moja ya Oktoba kibuyu kilimfikia
mzunguko wa kwanza, povu bado liko juu.
Alikishika kidogo, akakirudisha kimejaa.
"Asante."
Heber akanipa mimi.
Nikanywa zamu yake. Maji yalikuwa moto vizuri.

Jumatano kitanda chake kilikuwa kimetandikwa,
kopo juu ya mto, na karatasi yenye jina la binti.
Ijumaa tulimzika.

Kuna wanaosema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana.
Mimi kondoo ninawajua.
Nimewakalisha kitako, migongo yao kwenye magoti yangu,
meno ya mashine yakipita kooni,
na wamenyamaza, kweli, macho wazi.
Lakini mkono wangu wa kushoto uko kifuani mwao kutwa nzima,
na moyo humo ndani, ndugu yangu,
unagonga kama mtu aliyefungiwa katika nyumba inayoungua.
Huo si uungwana.
Hiyo ni hofu iliyokosa sauti.

Baba alinifundisha: machozi ya mwanamume huenda tumboni.
Nimeyapeleka huko miaka arobaini.
Daktari akiuliza panapouma, namwambia ni nyama ya jana.

Msimu huu nimekuja na mwanangu, Nahuel, kumi na minne,
anafagia sufu, anabeba maji.
Asubuhi moja, mzunguko wa pili,
akakirudisha kibuyu. "Asante."
Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kumpelekea Líber.
Nikauteremsha.
"Asante ya nini?"
Sauti ilinitoka kama ya kuku.
Heber akavitazama viatu vyake.
"Hakuna kitu, Baba."
Sikuinuka.
Mashine zikawashwa, moja, ya pili, ya tatu;
yangu ikabaki inaning'inia.
Kondoo wangu wakasubiri zizini, na msimamizi
akapita mara mbili akiangalia saa.
Sikujua la kusema. Sikuwahi kufundishwa.
Nilikaa tu, goti langu likiligusa lake,
na maji yalikuwa yameshapoa alipoinamia ufagio, akasema:
"Silali, Baba. Tangu Machi."

Nikamwaga yale yaliyopoa, nikajaza mengine.
Hakukataa.

Kisha Líber, yule yule wa zima taa,
akazima mashine yake katikati ya kondoo,
mnyama akaondoka nusu uchi, nusu koti,
akaja, akaketi kando yetu, akanyoosha mkono.
"Mimi pia," alisema,
na mpaka leo sijui
alimaanisha kibuyu au usingizi.